Nusu ya Salamu

Chuoni tulifundishwa kwamba habari ni kitu cha kichwa chini miguu juu. Jambo kubwa unaliweka mwanzoni, la kati linafuata, na makombo yanabaki mkiani, ili mhariri mwenye haraka akate kutoka chini bila kumwumiza mtu. Mwalimu alichora ubaoni pembetatu iliyosimama kwa ncha yake, nami nikaichora vilevile, nikaipaka rangi nyekundu. Nilikuwa mwanafunzi mzuri kupita kiasi. Niliamini pia kwamba mtu akiulizwa swali zuri atatoa jibu.

Nikarudi nyumbani Machakos na cheti changu, nikapata kazi ya majaribio kwenye kituo kidogo cha redio. Kituo chenyewe kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kila taarifa ya habari ilisindikizwa na mlio wa mabati yakikatwa huko chini. Wasikilizaji walikwisha zoea. Wengine, nadhani, waliamini ni muziki wetu.

Mahojiano yangu ya kwanza niliyafanya Tala, siku ya soko. Mvua ilikuwa imenyeshea mitumba ya watu, nami nikatumwa kutafuta sauti ya mwenye hasara. Nilimkuta mama mmoja akikamua maji kwenye rundo la sweta. Nikamsogezea kinasa sauti na kumwuliza imekuwaje. Yule mama aliiacha sweta, akafunga leso yake upya, akakohoa. Kisha akasema kwamba kwanza angependa kumshukuru Mungu, pili kukishukuru kituo chetu kwa kumkumbuka mwananchi wa kawaida, na tatu kuwasalimu wote wanaomjua kuanzia Tala mpaka Kangundo na kwingineko. Mwishowe akaiomba serikali iingilie kati. Iingilie kati ya nini na nini, hakusema. Nilipozima mashine, aligeukia sweta zake na kunieleza kwa utamu wa ajabu jinsi alivyoisikia mvua akiwa kitandani, jinsi alivyojaribu kukumbuka kama alifunika kibanda, na jinsi alivyomsingizia mumewe kabla hajatoka kwenda kuangalia. Nikawasha mashine haraka na kumwomba arudie hayo. Akafunga leso, akakohoa, akamshukuru Mungu.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba katika kaunti nzima mgeni wa mahojiano ni mimi peke yangu. Wengine wote walikuwa na uzoefu. Walikuwa wamesikiliza redio tangu wakiwa migongoni mwa mama zao na walijua namna mtu anavyotakiwa kusema akitiwa kinasa sauti mdomoni. Mzee mmoja ng'ombe wake alizaa mapacha, wote wazima, na nilipomwuliza anajisikiaje, akaiomba serikali iingilie kati.

Serikali, mhariri wetu aliivumilia. Alichokichukia ni salamu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani ya kuning'inia kifuani na kikopo cha njugu karanga mezani, na aliwahi kufanya kazi Nairobi kwenye gazeti, jambo ambalo hakulisema mara nyingi kwa sababu hakukuwa na haja. Wiki yake ya kwanza pale kituoni alikifuta kipindi cha salamu, kile cha jioni ambacho watu walikipigia simu kusalimu majirani zao. Alisema sisi ni chombo cha habari, si posta. Akaandika kanuni za kazi kwa mkono wake, akazibandika ukutani: habari ihakikishwe, pande zote zisikilizwe, kosa likitokea lisahihishwe hewani bila kuchelewa, na salamu zisirushwe. Lakini salamu hazikufa. Zilikosa kwao tu, zikahamia kwenye habari. Mtu ukimwuliza kuhusu bei ya mahindi, anakupa bei halafu anakupa ukoo wake wote, nawe unarudi ofisini ukazikate moja moja kwenye kompyuta huku ukilaani.

Nyumbani nililalamika kwa mama yangu. Mama ni fundi wa kushona, ana chumba chake karibu na msikiti, na ule ukoo wetu wa pwani ulimwachia ugonjwa wa kusalimiana: mteja akiingia, huulizwa habari za watoto, za wagonjwa, za safari na za jana, na suruali ndiyo inafuata. Alinisikiliza akiwa na pini mdomoni. Alipozitoa aliniambia kwamba wale watu wana shughuli yao, na mimi ndiye ninayewakatiza kwa maswali. Nilikasirika. Nilimwambia ile ni taaluma. Akarudisha pini mdomoni, ambayo ndiyo njia yake ya kushinda mabishano.

Basi ikafika zamu yangu ya kwenda Wamunyu. Mhariri alitaka taarifa kuhusu vinyago, lakini hakutaka wachongaji, maana wachongaji walikwisha hojiwa na kila mtu mwenye kamera, mpaka wana jibu la Kiingereza. Alitaka wale wanaosugua. Kinyago kikitoka kwa mchongaji kina makovu, na kuna akina mama wanaokipiga msasa siku kutwa mpaka kiwe laini, kisha wakakipaka dawa ya viatu king'ae. Twiga anaondoka pale akiwa mrembo, na mama anabaki na kifua kinachokohoa.

Nilipelekwa kwa mmoja ambaye wenzake walisema ana maneno. Alikuwa ameketi juu ya gogo la mjakaranda, kifaru kwenye mapaja yake, vumbi la mbao limejaa nywele, nyusi na kope. Nilimwamkia kwa Kikamba changu cha sokoni, akakipokea kwa huruma. Nikamweleza nilichokuja kufanya. Aliendelea kusugua kifaru chake pole pole, kwenye sikio, halafu akanitajia sharti lake.

"Mimi nitaongea," alisema. "Hata nitakuonyesha vile msasa inakula vidole. Lakini niko na salamu, na hizo salamu mtu asikate. Kama ni kukata, mkate hiyo ya vifaru."

Nikaahidi. Ahadi ya mtu aliye kwenye majaribio ina uzito wake, yaani hauzidi wa unyoya, lakini yeye hakujua hivyo na mimi nilikuwa nimejisahaulisha.

Na kweli alizungumza. Yule ndiye mtu wa kwanza aliyenijibu swali nililomwuliza. Alisema vumbi la mpingo ni chungu na la mjakaranda ni kama unga. Alisema kifaru ni rahisi kuliko twiga, kwa sababu twiga ana shingo, na shingo inavunjika ukiwa na hasira, kwa hivyo siku akigombana na mtu anasugua vifaru. Nikamwuliza kama siku hizi anasugua vifaru sana. Akanitazama, akasema sana. Nilipaswa kuuliza swali la pili hapo. Lile "kwa nini" tulilofundishwa chuoni lilikuwa limekaa palepale likisubiri, lakini nilikuwa nafurahia sauti yangu mwenyewe, nikaruka kwenda kwenye bei ya msasa.

Halafu zikaja salamu. Alikiweka kifaru chini, akajipangusa uso kwa kanga, akaanza. Aliwasalimu akina mama wenzake wa msasa, wachongaji, jirani anayemwangalizia kuku, kikundi chake cha kanisani, mwalimu wa mtoto wake wa mwisho, fundi aliyemtengenezea simu, na mama anayeuza vitunguu pale stendi ambaye, alisema, ana roho safi. Walikuja wakwe watarajiwa kutoka upande wa Mwala. Walikuja binamu. Nilikuwa nimekwisha anza kukunja waya wa kinasa sauti alipofika mwisho, na sauti yake ikashuka.

"Na hiyo salamu kubwa yenyewe, ni ya mjomba wa watoto wangu. Popote ako ananisikia, ajue Jumamosi kiti yake iko."

Nilizima mashine nikamshukuru. Akaniuliza itasikika lini. Nikamwambia Jumatano asubuhi. Alirudia hiyo Jumatano mara kadhaa, taratibu, kama mtu anayepewa dawa na kuelezwa namna ya kuimeza.

Jumanne nilimpigania. Nilimwambia mhariri kwamba taarifa ni nzuri, kwamba huyu mama anajibu maswali, na kwamba alikubali kwa sharti la salamu. Mhariri alisikiliza taarifa yote akitafuna njugu. Alipenda twiga. Alipenda kifaru zaidi. Ilipofika kwenye salamu alivua miwani. Nilibembeleza mpaka nikaona aibu, na mwishowe akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aje pale: alilegea. Alisema kwa kuwa nimejitahidi, ataniachia salamu kidogo, sekunde chache tu, iwe kama kitoweo. Akashika kipanya mwenyewe, akaacha mwanzo na kukata kutoka chini, kama tulivyofundishwa sote. Nilimshukuru kwa moyo wangu wote. Nilitoka mle ofisini nikijiona mwanadiplomasia.

Kitu ambacho mimi na mhariri na vyeti vyetu hatukukikumbuka ni kwamba salamu za huku kwetu zimesimama kwa miguu yake. Nenda kwenye harusi yoyote, mazishi yoyote, harambee yoyote: wadogo husema kwanza, na mgeni wa heshima husema mwisho, wakati viti vimekwisha kuuma. Anayetajwa mwanzo ni wa kupasha jiko moto. Ukikata kutoka chini, umemkata yule ambaye wengine wote waliletwa kumsindikiza.

Jumatano taarifa ikaenda hewani. Mama yangu alizima cherehani kuisikiliza. Salamu zilipofika kwa mama wa vitunguu, likaingia tangazo la rangi za nyumba.

Simu ya Wamunyu ilikuja kabla sijamaliza chai. Hakunisalimu, na kwa mtu kama yeye hiyo ilitosha kuniambia hali.

"Msichana, umenimaliza," alisema. "Sasa kila mtu amesalimiwa. Hata vitunguu imesalimiwa."

Ndipo akanieleza, bila kinasa sauti, mambo ambayo ningeyapata kwa swali moja. Yule mjomba wa watoto ni kaka yake, mkubwa wake wa pekee, ana mashine ya kusaga unga Muthetheni. Baba yao alipofariki, kaka ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu mbele ya waombolezaji, akataja watoto wote wa marehemu, akamruka dada yake. Kaka anasema kurasa zilishikana. Dada anasema kurasa hazina akili ya kuchagua mtu. Tangu siku hiyo hawakuwa wamesemeshana. Sasa binti yake alikuwa anachumbiwa, na Jumamosi upande wa mvulana ungeleta mbuzi wa ntheo, wale wa kufungulia mazungumzo ya mahari. Na katika ukoo wao wageni hawafungui mdomo kabla mjomba wa msichana hajaketi. Asipokuja, mbuzi hurudi walikotoka, na kila mtu njiani huwaona wakirudi.

Nikamwuliza kwa nini asimpigie simu kaka yake. Akanijibu kwa sauti ile anayojibiwa mtoto aliyeuliza watoto wanatoka wapi. Akasema namba anayo. Lakini nani ampigie nani? Akipiga yeye, amekubali kwamba kurasa zilishikana. Akipiga kaka, amekubali kwamba hazikushikana. Redio haikuwa mtu. Redio ingemtaja mjomba mbele ya kila mtu kama vile yeye alivyoachwa mbele ya kila mtu, na mjomba angekuja kwa miguu yake bila kuulizwa amekuja kwa nini. Binti alikuwa amemtumia mke wa mjomba ujumbe kwamba Jumatano asubuhi wafungue redio. Na mjomba alifungua; mke wake ndiye aliyerudisha habari. Alizima mashine ya kusaga, akawanyamazisha wateja na ndoo zao za mahindi, na soko zima likamsikia dada yake akisalimu fundi wa simu.

"Sasa anajua nimemlipa," alisema. "Na mimi sikuwa nataka kulipa. Nilikuwa nimechoka na vifaru."

Nitasema wazi nilivyojisikia: nilijisikia vibaya, na nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Mhariri alikuwa amenionea huruma. Huruma yenyewe ndiyo iliyoharibu. Angekata salamu zote, mjomba angesikia vifaru tu, akasaga unga wake na maisha yakaendelea. Nusu ya salamu ndiyo iliyokuwa tusi.

Alhamisi nikaenda Muthetheni, nikiwa na rekodi nzima na mpango niliouona wa akili. Mashine ya kusaga niliisikia kabla ya kuiona. Mjomba alikuwa mrefu, mweupe kwa unga kuanzia kofia hadi viatu, na hata kope zake zilinikumbusha za dada yake. Nilijitambulisha kwamba natoka redioni. Akaendelea kumimina mahindi. Nilisema kumetokea kosa, kwamba dada yake alimtaja, na kwamba sauti ninayo hapa. Wateja wakasogea. Akazima mashine.

Nikamvika vipaza sauti vya masikioni juu ya kofia yake, nikamrudishia salamu tangu mwanzo. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Alisikiliza akina mama wa msasa, jirani wa kuku, mwalimu, wote. Ilipofika ile ya mwisho nilijua, kwa sababu mkono wake uliokuwa umeshika ndoo ulitulia. Nikasubiri. Nilijua sasa atasema atakuja, nami nitarudi mjini nimeponya familia kabla ya chakula cha mchana.

Alivua vile vitu, akanirudishia kwa adabu kubwa.

"Hii ni sauti yake," alisema. "Sikatai. Lakini hii imeingia kwa masikio yangu peke yangu. Hiyo ingine ilisikiwa na soko yote."

Nikasema mzee, kosa ni letu, si la dada yako.

"Ndiyo. Redio ndiyo ilinitoa. Wacha redio inirudishe."

Akawasha mashine, na mahojiano yakaisha. Lazima niseme kwamba hakuiomba serikali chochote.

Nilirudi kituoni nikiwa na unga kwenye kitambaa changu cha kichwa. Kumwomba mhariri arushe salamu kulikuwa sawa na kumwomba arushe matangazo ya waganga. Nilikaa kwenye meza yangu nikitazama kanuni zake ukutani, maana hakukuwa na kitu kingine cha kutazama, na ndipo nikaiona ile ya tatu. Nikaandika mistari michache, nikabisha mlango wake. Ilisema kwamba katika taarifa yetu ya Jumatano kuhusu akina mama wanaosugua vinyago Wamunyu, maneno ya mhojiwa yalikatwa kabla hajamaliza, na hivyo kubadilisha maana aliyoikusudia. Tunayarejesha kama alivyoyasema, na kumwomba radhi msikilizaji wa Muthetheni aliyeathirika.

Mhariri alisoma mara mbili. Akaweka njugu mdomoni, akaacha kutafuna.

"Hii ni salamu umeivalisha koti," alisema.

"Ni masahihisho, madam."

Akanitazama juu ya miwani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kufukuzwa. Nilikuwa hata nimefikiria namna ya kumweleza mama. Lakini aliuliza swali ambalo sikulitarajia. Aliuliza kama ni kweli yule mzee alizima mashine ya kusaga, na wateja wakiwa foleni, ili asikilize redio yetu. Nikasema ndiyo, Jumatano aliizima, halafu nikachanganyikiwa siku, nikasema na leo pia aliizima. Akaivuta ile karatasi upande wake. Huko chini bati lilikatwa, likadondoka.

"Nitaisoma mwenyewe," alisema. "Wewe utaisoma kama kadi ya harusi."

Ijumaa, kwenye taarifa ya habari ya mchana, baada ya habari za kaunti na kabla ya hali ya hewa, mhariri wetu alisoma masahihisho kwa sauti ileile aliyosomea bajeti. Kisha mama wa Wamunyu akasikika kutoka mwanzo hadi mwisho, kuku na vitunguu na wote, kwa sababu mhariri alisema ukisahihisha usisahihishe nusu. Ile ya mwisho ikaingia mjini, ikapanda vilima, ikaenda ilikokwenda. Popote ako ananisikia. Mhariri akaomba radhi kwa niaba ya kituo, akapumua, akatangaza jua kali na upepo kiasi.

Kabla ya jioni simu ya ofisi ilianza kulia. Mtu wa Kangundo alidai kwamba zamani alihojiwa kuhusu barabara, akakatwa alipofika kwa shemeji zake, naye anataka masahihisho. Mwingine akapiga. Mwingine. Mhariri aliipokea ya kwanza na ya pili, halafu akanielekezea kidole na kuniambia kuanzia sasa hiyo ni idara yangu. Hivyo ndivyo nilivyopewa kazi ya kudumu, kama mtu atataka kujua.

Jumamosi nilikwenda Wamunyu. Nilikuwa nimealikwa, na hata kama nisingealikwa ningekwenda. Mama wa msasa alikuwa amevaa vitenge vipya, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba nyusi zake ni nyeusi. Wageni wa upande wa mvulana walikwisha fika na kupanga viti vyao. Mbuzi walikuwa wamefungwa kando ya ua wakila majani yasiyokuwa yao. Muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa yanayopikwa na maharagwe, ulikuwa umeiva na kufunikwa. Mbele kabisa kulikuwa na kiti kimoja cha mbao chenye kitambaa mgongoni, na hakuna aliyekikaribia. Wazee walizungumzia mvua. Walipoimaliza mvua, wakaianza upya. Mama wa msasa alipita mara kwa mara na sufuria isiyokuwa na kitu ndani.

Mjomba alikuja wakati mbuzi mmoja alikuwa amekwisha lala. Alikuwa na koti na kofia nyingine, amejipangusa unga wote, mke wake nyuma yake. Yeye hakwenda kwenye kiti. Alianzia langoni, akaanza kusalimiana kwa mkono, mtu mmoja baada ya mwingine. Aliwasalimu vijana waliofunga mbuzi. Aliwasalimu wazee wa mvulana kila mmoja na habari zake. Aliwasalimu akina mama wa msasa, jirani wa kuku, mwalimu. Aliposimama mbele ya mama wa vitunguu, alimshika mkono kwa muda mrefu kidogo, na nina hakika aliutazama uso wake kwa makini. Alinisalimu hata mimi. Aliniita mwandishi.

Dada yake alikuwa amesimama mwisho wa mstari, karibu na jiko. Hakuwa amejipanga pale. Mstari wenyewe ndio uliomfikia. Kila mtu pale alikuwa akihesabu kimoyomoyo ni mikono mingapi imebaki, na binti yake alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Mjomba akamfikia. Mkono wake haukuinuka.

"Umesema popote niko," alisema, si kwa sauti kubwa. "Na ulikuwa unajua niko Muthetheni."

"Na wewe ulikuwa unajua niko hapa."

Akafikiri. Kisha akamshika mikono yote miwili, ile yenye vidole vilivyoliwa na msasa, na kumwita mwanaa mwaitu, mtoto wa mama yetu, kama Wakamba wanavyoita ndugu wa tumbo moja. Hakuna aliyetaja kurasa. Alikwenda kwenye kiti chake akaketi, na mzee wa upande wa mvulana akakohoa, akafungua mazungumzo. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikajifanya moshi umeniingia machoni, na kule nikamkuta bibi harusi mtarajiwa naye akijifanya hivyohivyo.

Jumatatu mhariri alinikuta mezani nikijibu simu za masahihisho. Alisimama mlangoni na kikopo chake cha njugu, akauliza, kama mtu anayepita tu, kulikuwa na habari gani Wamunyu.

Nikamwambia hakukuwa na habari. Watu walisalimiana tu.

Alitafuna taratibu, akafika nusu ya ukumbi, akarudi.

"Wote?"

"Wote, madam," nikasema.